Merikani: Jina Lililotolewa na Mnunuzi

Akina Ta na akina Ma mliokwisha kurudi kutoka migombani, vijana mlioko madukani Kashai na Hamugembe, nanyi ndugu zetu wa Muleba, kuanzia Kamachumu hadi Nshamba na Rubya, karibuni katika mazungumzo yetu ya leo. Nimeleta neno moja tu la mavazi, nalo ni merikani. Wapo wanaosema amerikani, wapo wanaosema marekani, na wote wanazungumzia nguo ileile: kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi wala kung'arishwa, kizito kidogo, cheupe cha umanjanomanjano kama kilivyotoka kwenye mtambo. Akina mama wanakifahamu kwa vitambaa vya kudarizi vinavyotandikwa juu ya makochi. Mafundi cherehani wanakifahamu kwa bitana na mifuko. Neno hili ni mzaliwa wa Kiingereza lililohamia kwetu, kisha likarudi katika Kiingereza likiwa limevaa sura ya Kiswahili, kwa sababu wasafiri kama Burton, Speke na Stanley waliliandika katika vitabu vyao, merikani hivihivi, na msomaji wa London akalazimika kujifunza kwamba hiyo ni nguo. Swali la leo ni hili: nani alilitoa jina hili, na kwa nini limedumu?

Hoja yangu ni moja, na nitairudia njiani ili isimpotee yeyote. Nasema kwamba jina la merikani lilitolewa na wanunuzi wa Afrika Mashariki, na kwamba historia yake inaonyesha wanunuzi hao walikuwa watu wanaojua wanachokitaka. Tumezoea kusimuliwa biashara ya karne ya 19 kana kwamba mgeni alishuka pwani na chochote alichokuwa nacho, na mwenyeji akapokea kwa mshangao. Neno hili linatoa ushahidi mwingine. Tulisikilize.

Tuanze na asili yake. Katika miaka ya 1820 meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, zilianza kufika Unguja. Tarehe 21 Septemba 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Muscat na Unguja. Mwaka 1837 Richard Waters, naye mtu wa Salem, akawa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kisiwani. Kumbukeni kwamba balozi wa Uingereza, Hamerton, alihamia Unguja baadaye, mwaka 1841. Wamarekani walikuja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na baadaye karafuu. Walilipa kwa nini? Kwa fedha kiasi, na kwa baruti na bunduki, lakini zaidi ya yote kwa nguo ya pamba iliyofumwa katika viwanda vya Lowell na miji ya jirani. Biashara hiyo ilistawi kiasi kwamba mwaka 1847 Salem wenyewe walianza kufuma katika kiwanda kipya kilichoendeshwa kwa mvuke, na sehemu ya nguo yake ikaja kuvaliwa huku kwetu.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini. Wale waliofuma na kuuza nguo hiyo hawakuiita merikani. Katika vitabu vyao vya hesabu waliiandika kwa neno lao la Kiingereza lenye maana ya bidhaa za nyumbani, yaani zilizofumwa nchini mwao badala ya kuagizwa Ulaya. Kwao hilo lilikuwa jina zuri, la kujivunia. Kwa mtu wa Unguja, wa Tabora au wa Karagwe lilikuwa halina maana yoyote, kwa sababu nyumbani kwa Salem si nyumbani kwake. Huku ikatakiwa namna nyingine ya kuitofautisha nguo hii na bafta, na kaniki, na vitambaa vya mistari vya Uhindini. Ikaitwa nguo ya Amerikani. Umbo la neno linaeleweka bila shida: Kiarabu husema amrikani kwa kitu cha Amerika, na Kiswahili nacho hupenda kufunga neno kwa irabu, kwa hiyo milango yote miwili inatufikisha mahali pamoja. Baadaye wengine wakaidondosha ile a ya mwanzo, wengine wakaibakiza. Jirani zetu Waganda mpaka leo wanasema amerikaani.

Mtu anaweza kunisimamisha hapa. Atasema, waliotoa jina hilo ni Waarabu na Wahindi wa forodhani Unguja, wale waliokuwa wa kwanza kupokea majora kutoka melini, na akina Jairam Shivji waliokodi ushuru wa forodha. Mnyamwezi na Mhaya walilikuta jina limekwisha kutolewa. Pingamizi hili lina uzito na nalikubali nusu. Yawezekana kabisa neno lilisikika kwanza sokoni Unguja, katikati ya watu wa lugha nyingi. Lakini hao nao, mbele ya nahodha wa Salem, walikuwa wanunuzi. Kisha jina haliishi kwa kuzaliwa tu. Linaishi kwa kutamkwa na wengi, na waliolitamka kutoka Bagamoyo hadi Ujiji na hadi magharibi ya Ziwa Viktoria ni wapagazi, wenyeji wa vituo vya misafara, wakulima waliouza mtama na ndizi kwa misafara hiyo. Wangeweza kuiita nguo hii kwa rangi yake, au kwa jina la mfanyabiashara aliyewaletea. Walichagua kulishika jina lililotaja aina na ubora.

Kwamba lilitaja ubora tunajua kwa mambo mawili. La kwanza ni kuiga. Watengenezaji wa Uingereza waliona soko hilo wakajaribu kutengeneza nguo inayofanana nayo. Malalamiko ya wakati huo yanajulikana: nguo ya kuiga ilikuwa nyepesi, imejazwa wanga ili ionekane nzito, na ikifuliwa uzito wote unakwenda na maji. Wateja wakaendelea kuitaka ile ya Marekani. Je, mtu asiyejua anachonunua angeweza kutofautisha? La pili ni lile lililotokea mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko Marekani na kudumu hadi 1865. Pamba ya majimbo ya kusini haikufika tena viwandani kaskazini, na shehena za kuja Unguja zikapungua vibaya. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi, lakini mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za barua za kampuni ya British India zikaanza safari za kawaida kuja Unguja. Viwanda vya Bombay vilikuwa jirani zaidi na vilisoma vizuri matakwa ya soko letu, vikafuma nguo ya uzito uleule na upana uleule. Kufikia mwisho wa karne, merikani nyingi haikuwa imetoka Marekani hata kidogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 ikatoka Japani. Jina halikubadilika, na hata katika takwimu za forodha za serikali ya kikoloni liliandikwa hivyo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja, nami narudia. Kama jina lingekuwa mali ya muuzaji, lingeondoka na muuzaji. Lilibaki kwa sababu mnunuzi alikuwa amekwisha kulifanya kipimo chake. Aliposema nataka merikani, alikuwa anamwambia mwenye duka uzito, upana na uimara anaoutaka, na nguo ya Bombay au ya Osaka ilipaswa kufikia kipimo hicho ndipo ipewe jina hilo.

Sasa tuilete hadithi nyumbani. Nguo hii ilifikaje pande hizi za magharibi ya ziwa? Kabla Emin Pasha hajaanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, mlango wa bidhaa za pwani ulikuwa Karagwe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikageuka kaskazini hadi kituo cha wafanyabiashara cha Kafuro, si mbali na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanika. Speke na mwenzake Grant walifika kwa Rumanika mwishoni mwa 1861. Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekaa Kafuro, wengine kwa miaka mingi. Kutoka hapo bidhaa zilielekea Buganda na zikatawanyika katika falme za Wahaya, Ihangiro, Kianja, Kyamutwara na Kiziba.

Njiani humo merikani ilikuwa nguo na ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ikawa shuka. Mikono minane ikawa doti, neno la Kihindi lenye maana ya nguo ya kujifunga kiunoni. Jora zima likatoa doti kadhaa. Akina Ma mnaponunua doti ya kanga pale Soko Kuu, mnatumia kipimo kilekile cha misafara. Stanley alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 aliambiwa kwamba doti 10 kwa siku zingetosha kulisha watu 100 njiani. Lakini aliambiwa na jambo jingine, ambalo kwa hoja yangu ni muhimu zaidi: kwamba kila nchi ina nguo yake inayoipenda na ushanga wake inaoutaka, na mtu akibeba aina isiyotakiwa atakufa njaa akiwa na mizigo mabegani mwa wapagazi. Huyo ndiye mnunuzi ninayemzungumzia. Alikuwa na uwezo wa kukataa, na msafara mzima ukakwama.

Na hapa kwetu mnunuzi huyo hakuwa uchi akisubiri kuvikwa. Hili nataka lisikike vizuri, hasa kwa vijana. Tulikuwa na ngozi zilizolainishwa kwa siagi, tulikuwa na mavazi ya nyuzi ambayo leo mnayaona viunoni mwa wachezaji wa ngoma zetu, na tulikuwa na lubugo. Gome la mti wa jamii ya mkuyu lilibanduliwa kwa uangalifu, shina likafungwa kwa majani ya mgomba ili gome jipya liote, kisha lile lililobanduliwa likapigwa kwa nyundo za mti zenye mifereji, likatanuka mpaka likawa kitambaa kipana cha rangi ya udongo mwekundu. Mti mmoja ulitoa gome miaka na miaka. Mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi hiyo, kama inavyofanywa Uganda, kuwa hazina ya wanadamu wote. Watu wenye ufundi wa namna hiyo hawachukui nguo ya kigeni kwa kukosa la kufanya. Waliichukua merikani kwa sababu zinazoeleweka. Lubugo haipendi maji, na Bukoba ni mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Merikani inafuliwa, inaanikwa, inavaliwa tena. Inakatwa na kushonwa kanzu bila kuchanika. Na lubugo haikutupwa: iliendelea kuheshimiwa katika mazishi na mambo ya jadi muda mrefu baada ya pamba kuenea. Hiyo ni tabia ya mtu anayechagua, anayejua kipi kinafaa wapi.

Nasikia pingamizi jingine, kubwa kuliko la kwanza. Wewe mzungumzaji, unasifu hiari ya mnunuzi, lakini biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Nguo hiyohiyo ilinunua watu. Ni kweli, na sitaki kuifunika. Tena ukweli wenyewe ni mchungu kuliko huo. Pamba iliyofumwa Lowell na Salem kabla ya 1861 ilichumwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, watu ambao babu zao walichukuliwa Afrika. Nguo ya jasho lao ilivuka bahari mbili, ikafika kwetu, na bara ikasaidia kununua Waafrika wengine ambao walipelekwa kwenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Pembe zilizobebwa kurudi zilikwenda Connecticut kuchongwa vipande vya kubonyeza vya piano. Hakuna nyuzi katika jora lile ambazo tunaweza kusema ni safi.

Je, hilo linaivunja hoja yangu? Naona halivunji, ila linaiwekea mpaka. Kujua unachokitaka hakukufanyi kuwa mtu huru, wala hakukufanyi kuwa mtu mwema. Mukama aliyeuza pembe alichagua, na mfanyabiashara aliyenunua binadamu naye alichagua. Aliyenunuliwa hakuchagua. Ninachokataa ni ile simulizi inayowaondolea babu zetu akili ya sokoni kwa kisingizio cha kuwahurumia. Waliokuwa na uwezo wa kuchagua walichagua kwa macho makali, na kwa sababu hiyo tunaweza pia kuwauliza maswali juu ya walichochagua. Asiyekuwa na hiari hawezi kuulizwa chochote.

Upo ushahidi wa mwisho, nao unatoka pwani. Bara, na hasa huku mbali, merikani ilikuwa nguo ya heshima kwa muda mrefu. Machifu waliipokea kama hongo, yaani ushuru wa kupitisha misafara, na kama zawadi. Unguja katika miaka hiyohiyo ilikuwa nguo ya mtumwa na ya maskini. Bwana alivaa joho na kanzu safi, mtumwa wake alijifunga merikani, na mwanamke mtumwa alijitanda kaniki, ambayo mara nyingi ilikuwa kitambaa kama hicho kilichotiwa nili. Ndiyo maana utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha merikani na kaniki wakakimbilia kanga zenye rangi na nakshi, ili mtu akiwaona barabarani asiwatambue kwa unyonge wa jana. Nguo moja, jina moja, miaka ileile, na maana mbili zinazopingana. Kiwanda cha Salem hakikuziweka maana hizo ndani ya kitambaa. Ziliwekwa na waliovaa, kila mmoja mahali pake.

Yaliyofuata Bukoba nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikaileta nguo hadi bandarini kwetu kwa urahisi ambao msafara wa Karagwe haungeweza kushindana nao, na kahawa ikawa ndiyo fedha ya kuinunulia. Baada ya Uhuru tulianza kuifuma wenyewe, Dar es Salaam katika kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza katika kiwanda cha Mwatex, kwa pamba ya Usukuma. Nguo ya pamba ya Tanzania, iliyofumwa Tanzania, na bado mwenye duka akiulizwa anajibu: hii ni marekani.

Kabla muda haujaniishia, ninalo ombi. Jina la merikani limesalimika kwa sababu liliandikwa katika vitabu vya wasafiri, katika hesabu za forodha na katika kamusi. Majina ya lubugo hayakupata bahati hiyo. Kulikuwa na majina ya daraja zake, ya miti iliyotoa gome zuri na iliyotoa gome hafifu, ya kila nyundo kwa hatua yake, na wanaoyakumbuka wamo bado katika vijiji vya Ihangiro, Kiziba na Kianja, wengi wao wakiwa wazee sana. Walimu wa historia na wa Kiswahili katika shule za Bukoba na Muleba, wapeni wanafunzi daftari wakawaulize bibi na babu zao likizo hii inayokuja. Waandike jina kwa Kihaya, kilichomaanishwa, nani aliivaa na wakati gani. Daftari zikirudi, nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi. Nanyi wazee mnaonisikiliza, mjukuu akija na kalamu, msimwambie mambo hayo yamepitwa na wakati. Mwambieni yote.